Mwanafunzi ajipime kabla hajapimwa

Katika shule zetu kupima ni kazi ya kila mtu isipokuwa mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu humpima kwa majaribio na mitihani ya muhula, wilaya na mkoa humpima kwa mtihani wa utamilifu, Baraza la Mitihani la Tanzania humpima kuanzia darasa la nne, na mzazi humpima kwa kuangalia ameshika nafasi ya ngapi. Anayepimwa huletewa jibu likiwa limeshaamuliwa: alama, herufi, divisheni. Anaweza kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne, miaka 11, bila kuulizwa hata mara moja, kabla karatasi haijasahihishwa, yeye anadhani amepata ngapi na kwa sababu gani. Swali hilo laonekana dogo. Kwa maoni yangu, kutoulizwa huko ni mojawapo ya sababu za vijana wenye bidii ya kweli, wanaokesha na madaftari, kufika kwenye mtihani wa Novemba wakiamini wako tayari ilhali hawajawa tayari. Kujijua ninakokuzungumzia hapa ni uwezo wa mwanafunzi kusema kwa usahihi: hili nalijua, hili najidanganya tu kwamba nalijua, na hili limenishinda kwa sababu ninayoweza kuitaja. Uwezo huo hufundishika, na shule inayomnyima mwanafunzi nafasi ya kuuzoea inampunguzia faida ya kila saa anayoitumia kusoma.

Wazo kwamba kujijua ni aina mojawapo ya akili lilipata umaarufu mwaka 1983, pale Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipochapisha kitabu chake Frames of Mind. Gardner aliipinga imani kwamba akili ni kitu kimoja kinachoweza kupewa namba moja. Akataja akili saba: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya mwili na viungo, ya maumbo na nafasi, ya kuelewana na watu, na ya kujielewa mwenyewe. Hiyo ya mwisho aliieleza kuwa ni uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake, haja zake, nguvu na udhaifu wake, kisha kuitumia picha hiyo kuyaongoza maisha yake. Walimu wengi duniani waliipokea nadharia hiyo kwa furaha, maana iliwapa lugha ya kumtetea mtoto ambaye hesabu zimemshinda lakini ana kipaji kingine. Wanasaikolojia wengi hawakuridhika nayo. Walisema, na wana haki, kwamba ushahidi wa kuwapo kwa akili saba zinazojitegemea ni haba, kwa sababu wanaofanya vizuri katika kipimo kimoja cha akili huelekea kufanya vizuri na katika vingine. Baya zaidi, nadharia hiyo ilipofika madarasani ilipotoshwa ikawa desturi ya kuwabandika watoto majina: huyu hujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia, wa tatu kwa mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu mitindo hiyo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa mtindo unaodaiwa kuwa wake humfanya ajifunze zaidi. Gardner mwenyewe aliandika mwaka 2013, katika gazeti la The Washington Post, kwamba nadharia yake haikuwa ya mitindo ya kujifunza.

Basi anayetaka kuitetea elimu ya kujijua aanze kwa kuacha kando majina hayo. Kijana aliyeambiwa kwamba yeye ni mtu wa kuona hajajijua hata kidogo. Amepewa kisingizio cha kukwepa kusoma matini ndefu, basi. Kinachobaki baada ya kupepeta ni kitu kidogo kuliko nadharia ya Gardner, lakini kina ushahidi imara zaidi. Mwaka 1979 John Flavell wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika makala iliyokitangaza kitu hicho kwa jina la metakognisheni, yaani mtu kuziangalia fikra zake mwenyewe zikifanya kazi: kugundua kwamba amesoma ukurasa mzima na hakuna kilichoingia, kujua kwamba fomula aliyoishika bado hajui itumike wapi, kuamua kurudi nyuma au kuomba msaada. Tangu hapo wanasaikolojia wamekuwa wakijaribu kupima ni kwa kiasi gani wanafunzi wanayaona haya ndani yao. Majibu yao yanapaswa kumshtua kila anayesimamia prepu.

Jaribio moja linatosha kuonyesha ukubwa wa tatizo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu kifupi cha habari za sayansi na kuwagawa katika makundi matatu. La kwanza lilikisoma katika vipindi vinne vya dakika tano tano. La pili lilikisoma katika vipindi vitatu, na katika cha nne likaandika kila linachokikumbuka bila kutazama. La tatu lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha likatumia vipindi vitatu kuandika kwa kumbukumbu. Dakika tano baadaye waliosoma tu ndio waliokuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, kundi la pili asilimia 78, la tatu asilimia 71. Lakini wengine walipimwa baada ya wiki nzima, na hapo mpangilio ukageuka juu chini. Waliosoma tu walibakiwa na asilimia 40, kundi la pili asilimia 56, na lile lililosoma kipindi kimoja likawa na asilimia 61. Kumbuka kwamba kundi la kwanza lilikuwa limekirudia kifungu kile mara 14 hivi, na la tatu mara tatu na kidogo. Kinachohusu mada yetu hasa ni jambo jingine walilolipima watafiti hao. Kabla ya kuondoka, wanafunzi waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki moja. Waliojiamini kuliko wote ni wale waliosoma tu, wale wale waliokuja kusahau kuliko wote.

Hapo ndipo mkesha wa mwanafunzi wetu unapopotelea. Anapolisoma desa kwa mara ya tano, macho yanapita juu ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka, hakuna linalomkwaza, na wepesi ule anauhesabu kuwa ni uelewa. Hajidanganyi kwa uvivu. Amefanya kazi, tena kazi ya kuchosha, ila kazi yenyewe humletea taarifa za uongo kuhusu hali yake. Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale waliuonyesha udanganyifu wa namna hii mwaka 2002 kwa vitu vya kawaida kabisa: zipu, kitasa cha mlango, cherehani. Waliwauliza watu wanaelewa kwa kiasi gani jinsi vitu hivyo vinavyofanya kazi, wakajipa alama za juu. Kisha wakawataka waeleze hatua kwa hatua. Baada ya kujaribu kueleza, watu hao hao walizishusha alama walizojipa. Hakuna aliyewaambia kwamba hawajui. Maelezo yao wenyewe yalipokwama katikati ndiyo yaliyowaambia. Mwalimu wa fizikia anaweza kulirudia jaribio hilo kesho asubuhi bila kifaa chochote: kila mwanafunzi ajipe alama kati ya moja na saba kwa uelewa wake wa jenereta, aandike aya moja ya kuieleza, kisha ajipe alama upya.

Wakati wa kujiuliza nao una uzito. Thomas Nelson na John Dunlosky waligundua mwaka 1991 kwamba makadirio ya mtu kuhusu atakachokumbuka huwa sahihi zaidi akiyafanya baada ya muda kupita kuliko akiyafanya papo hapo baada ya kusoma. Sababu yake inaeleweka: dakika ile unapofunga kitabu, maneno bado yanaelea akilini, na ukijiuliza kama unayajua utajibu ndiyo kwa kuyaona yakielea. Swali likiulizwa jioni, au kesho yake, linagusa kile kilichotulia kweli. Mwalimu anayemaliza kipindi kwa kuuliza kama wameelewa, na kujibiwa ndiyo kwa sauti moja na darasa zima, amechagua wakati mbaya kuliko wote wa kuuliza, na amechagua namna ya kuuliza ambayo haimlazimu mtu yeyote kujitazama.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mawazo ya vyuo vya Marekani, yasiyo na mizizi katika malezi yetu. Dai hilo halisimami mbele ya madrasa. Katika mwambao na visiwani, na bara kote kwenye madrasa, mwanafunzi wa hifdhi hapewi sehemu mpya ya Kurani mpaka ameisoma ile ya jana mbele ya mwalimu bila kutazama msahafu, na zilizopita huzirudia kwa zamu ili zisimponyoke. Muulize mwanafunzi huyo ni wapi panapomtatiza. Atakutajia sura, na mara nyingi atakutajia aya yenyewe ambayo ulimi huteleza kwa sababu inafanana na nyingine iliyoko mbali. Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu panapomtatiza katika kemia, na jibu litakuwa kemia yote, au kwamba hakuna tatizo. Hawa wawili wanaweza kuwa kijana mmoja, asubuhi shuleni na alasiri madrasa. Akili yake ni ile ile, ila mahali pamoja panamdai ushahidi kila siku na pengine panamdai ushahidi mwisho wa muhula. Na katika mapokeo hayo hayo kuna muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa, jambo lililompa jina al-Harith al-Muhasibi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857. Mwalimu Nyerere naye, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule imjengee kijana akili ya kudadisi na kujiamini, pamoja na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akipima lipi linamfaa na lipi halimfai. Anayepima lipi linamfaa lazima kwanza ajijue anahitaji nini.

Mpinzani makini atajibu kwamba mfano wa madrasa unathibitisha tu nguvu ya kukariri, na kukariri ndiko tunakotaka kutoka. Pingamizi hilo lina uzito kwa sababu kweli ipo hatari: mwanafunzi anaweza kujipima kila siku kwa maswali ya kutaja na kuorodhesha, akajijua vizuri kama mkariri, na asijue kwamba hawezi kutatua tatizo asilopata kuliona. Lakini dawa yake ni kubadilisha swali la kujipimia. Anayejiuliza ni nini atapata jibu la ni nini. Anayejiuliza kwa nini, na ingekuwaje kama, ataona upungufu wa namna nyingine. Tena kujijua hakuishii kwenye yaliyomo ya somo, kunafika hadi kwenye njia za kusoma. Mwaka 2017 Patricia Chen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwa wanafunzi wa takwimu katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kabla ya mtihani, kundi moja lilijaza dodoso la dakika kama 15 hivi: maswali ya mtihani yatakuwa ya aina gani, kati ya daftari, kitabu, mazoezi, majadiliano na mwalimu utatumia nini, kwa nini hicho kitakusaidia, na utakitumia lini na wapi. Kundi lingine lilikumbushwa tu kwamba mtihani unakaribia. Waliojiuliza walimaliza kozi wakiwa mbele ya wenzao kwa wastani wa theluthi moja ya daraja, na vitabu vyao, mwalimu wao na mazoezi yao vilikuwa vile vile vya wenzao. Walichozidi nacho ni kwamba walikuwa wamefikiri kabla ya kusoma.

Tanzania kuna jambo moja ambalo mwanafunzi asiyejijua hawezi kuliona kabisa, nalo ni lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa na kupimwa kwa Kiingereza. Watafiti wa LOITASA, mradi wa utafiti kuhusu lugha ya kufundishia, wakiwamo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo, wameandika kwa miaka mingi jinsi mabadiliko hayo yanavyomfunga mwanafunzi mdomo. Mjadala wa sera uendelee, na binafsi naona umechelewa sana. Lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kungojea uishe. Swali la kwanza analopaswa kufundishwa kujiuliza anapokosa swali la biolojia ni hili: ningeulizwa kwa Kiswahili, ningelijibu? Kama jibu ni ndiyo, basi biolojia anaijua, na muda wake auelekeze kwenye msamiati na uundaji wa sentensi. Kama ni hapana, arudi kwenye mada yenyewe. Hayo ni magonjwa mawili yenye dalili moja, na kijana asiyeweza kuyatofautisha hufikia hukumu ya tatu iliyo mbaya kuliko zote: mimi sina akili ya sayansi. Hukumu hiyo akishajitolea, huanza kuyakimbia masomo yenyewe, na mwisho takwimu za wanaosoma sayansi zinakuja kutushangaza.

Pingamizi lingine zito linasema kwamba hata tukimwomba mwanafunzi ajipime, hawezi, na asiyeweza zaidi ndiye anayehitaji zaidi. Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 1999 kwamba robo ya wanafunzi waliofanya vibaya kuliko wote katika majaribio yao, ambao kwa wastani walikuwa wamewazidi asilimia 12 tu ya wenzao, walidhani wamewazidi asilimia 62. Baadhi ya wanatakwimu wamehoji ukubwa wa pengo hilo, wakisema sehemu yake inatokana na namna ya kuhesabu, na ni haki kulisema hilo. Lakini hata tukilikubali pengo lote lilivyo, utafiti ule ule una sehemu ambayo wanaounukuu huisahau. Watafiti walilipa kundi mojawapo mafunzo mafupi ya mantiki, kisha wakaliomba lijikadirie tena matokeo ya mtihani lililokwisha kuufanya. Waliokuwa chini kabisa walianza kujiona walivyo. Kwa hiyo upofu huo si maumbile. Unatibika, na tiba yake ni kumpa mwanafunzi vigezo vya kazi nzuri na kumfanya avitumie juu ya kazi yake mwenyewe. Mwongozo wa kusahihishia tunaoufungia kabatini kama siri ya dola ndio hasa anaouhitaji.

Atasimama na mwalimu, na malalamiko yake yana uzito kuliko ya wote kwa kuwa anayaishi. Darasa lina wanafunzi 80, vitabu havitoshi, maabara ni chumba chenye kufuli, na sasa anaongezewa kazi ya kuwafundisha watoto kujitambua. Hebu tuhesabu pamoja naye. Mwenye mikondo minne ya wanafunzi 80 akitoa zoezi moja ana karatasi 320. Akitumia dakika tano kwa kila moja, ni karibu saa 27 za kusahihisha, kwa zoezi moja. Haiwezekani, na ndiyo maana mazoezi ni machache na madaftari hurudi na alama ya vema tupu. Darasa linalojua kujisahihisha kwa mwongozo, kila mtu akiandika kabla alama anayotarajia na baada ya hapo sababu ya kila kosa, linamwondolea mwalimu huyo sehemu kubwa ya mzigo na kumwachia kazi ambayo yeye peke yake anaiweza: kupita akiangalia wale ambao matarajio na matokeo yao yanatofautiana sana. Taasisi ya Uingereza ya Education Endowment Foundation, inayolinganisha mbinu za kufundishia kwa gharama na matokeo, imeiweka metakognisheni miongoni mwa mbinu zenye matokeo makubwa kwa gharama ndogo mno, ikikadiria maendeleo ya ziada ya zaidi ya nusu mwaka wa masomo. Sitaki mtu alichukue hili kuwa ruhusa ya serikali kuacha kujenga madarasa. Mtoto mwenye njaa akijitambua atatambua kwamba ana njaa. Ila tusisahau kwamba mwenye pesa tayari ananunua kitu hiki kwa jina la tuisheni: anamlipa mtu mzima akae pembeni ya mtoto wake na kumwambia hapa hujaelewa, rudia. Mtoto wa maskini hana wa kumlipa. Yeye ndiye anayehitaji jicho la kwake kuliko wote.

Jicho hilo haliwezi kufunguka mahali ambapo kukiri kutojua kuna adhabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini shule zetu nyingi zinamfundisha mtoto kuficha. Akisema hajaelewa anachekwa, akikosa anachapwa, na majina hubandikwa ukutani toka wa kwanza hadi wa mwisho. Katika mazingira hayo kusema nimeelewa ni kujilinda tu. Wapo wanaohofia kwamba mtoto akizoeshwa kuutazama udhaifu wake atavunjika moyo, na kweli atavunjika ikiwa udhaifu unaotajwa ni wa mtu mzima mzima: mimi mbovu, mimi kilaza. Kujijua kwa kweli hukata vipande vidogo. Sijui kubadilisha vizio, najua fomula. Ninapoteza alama kwenye maswali ya insha kwa sababu sisomi swali hadi mwisho. Tatizo lililopewa jina na mahali pake lina urefu unaopimika, na mara nyingi wiki mbili zinalitosha. Ninaamini walimu wanaoruhusu kosa litajwe bila kiboko wanawajengea wanafunzi ujasiri mkubwa kuliko wanaowasifia kila siku.

Haja ya ujuzi huu imeongezeka sasa kwa sababu mifumo yetu imeanza kumtaka kijana achague zaidi. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, jumla zikafika 65 kutoka 16. Kenya nako, mtaala wa umilisi umeweka kujifunza namna ya kujifunza pamoja na kujiamini miongoni mwa stadi zake saba za msingi, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo, waliokuwa gredi ya tisa mwaka 2025, walitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ni maamuzi makubwa kwa kijana wa miaka 15 au 16. Akikosa picha sahihi ya uwezo wake ataamuliwa na rafiki, na sifa ya kazi fulani mtaani, au na mjomba aliyeko ughaibuni. Siku moja ya ushauri kabla ya kujaza fomu haiwezi kuifanya kazi ya miaka minne ya kujipima. Kijana aliyekuwa akiandika kila muhula alichotarajia, alichopata na kilichomkwamisha anaifikia fomu ile akiwa na ushahidi mkononi, na mzazi wake ana kitu cha kuzungumza naye zaidi ya ndoto.

Kwa wanaotaka kuanza, nyenzo ipo tayari na haiuzwi. Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha kwenye tovuti yake, kwa kila somo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa kidato cha nne: swali kwa swali, ni asilimia ngapi walifanya vizuri, walikosea wapi, pamoja na mifano ya majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Sababu zinazorudi humo mwaka hata mwaka ni kutoelewa matakwa ya swali, uelewa mdogo wa mada na udhaifu wa Kiingereza. Taarifa hizo huishia kusomwa na walimu wachache. Wakuu wa shule wazichape, hata nakala moja kwa kila somo, na kuziweka mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Mwanafunzi alijibu swali kwanza akiwa amefunga daftari, aandike alama anayoamini amestahili, kisha ndipo afungue uchambuzi na kujisahihisha, akitaja kwa maandishi kila kosa ni la aina gani kati ya hizo tatu. Wazazi nao, matokeo ya muhula yanapokuja nyumbani, kabla ya kuuliza umekuwa wa ngapi, muulizeni ulitarajia ngapi.